KULALA NYUMBA YA WAGENI MJINI KIGOMA



Watu wa Kasulu na Kibondo husafiri. Mmoja anateremka Kigoma kuuza maharage au asali. Mwingine anampeleka mgonjwa Hospitali ya Mkoa ya Maweni. Mwingine anakwenda kupanda garimoshi la Tabora na Dar es Salaam. Mwingine ameitwa mahakamani.

Kutoka Kasulu mjini hadi Kigoma ni karibu kilomita 100. Kutoka Kibondo ni zaidi ya kilomita 200. Kwa hiyo wengi hawawezi kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Usiku unawakuta mjini. Watalala wapi?

Mwenye ndugu mjini hulala kwa ndugu. Hiyo ni desturi yetu nzuri. Wahenga walisema: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini wahenga hao hao walisema pia: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Na si kila mtu ana ndugu Kigoma. Ndiyo maana ziko nyumba za wageni. Watu wengi huziita gesti.

Katika somo hili tutajifunza namna ya kulala katika nyumba ya wageni bila kupoteza fedha, mali wala afya. Utaona kwamba kalamu na macho yako vitakusaidia kila hatua.

ZAMANI WASAFIRI WALILALA VIPI?

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Wakati wa ukoloni, vijana wengi wa Buha walikwenda mbali kutafuta fedha ya kodi. Walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, hasa Tanga. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba.

Manamba hawakupanga safari yao wenyewe. Walilala pale walipoambiwa walale. Wengi walitia dole gumba kwenye mkataba wasioweza kuusoma. Hawakujua karatasi inasema nini juu ya siku za kazi wala juu ya mshahara.

Wewe unasafiri kwa namna nyingine. Unachagua nyumba. Unauliza bei. Unasoma masharti. Unaandika jina lako kwa mkono wako. Ukilipa fedha ukapewa chumba, wewe na mwenye nyumba mmepatana. Kila mmoja ana haki na kila mmoja ana wajibu. Mapatano mazuri ni yale ambayo pande zote mbili zimeyaelewa.

KABLA YA KUONDOKA NYUMBANI

Fanya mambo manne kabla ya kupanda basi.

Kwanza, chukua kitambulisho chako. Kinaweza kuwa kitambulisho cha Taifa au kadi ya mpiga kura. Mkoa wa Kigoma unapakana na Burundi, na ng'ambo ya ziwa iko Kongo. Katika mkoa wa mpakani ni kawaida mgeni kuulizwa yeye ni nani na anatoka wapi. Ukiwa na kitambulisho hutapata taabu.

Pili, uliza siku ya safari ya mbele. Garimoshi haliondoki kila siku. Maboti ya ziwani pia yana siku zake. Mtu akifika Jumatatu kumbe garimoshi linaondoka Alhamisi, atalipia chumba kwa usiku tatu. Piga simu, au muulize mtu aliyerudi karibuni.

Tatu, andika hesabu ya fedha zako katika daftari. Andika nauli ya kwenda na ya kurudi. Andika chakula. Andika chumba. Nauli ya kurudi iweke mbali na fedha nyingine, usiiguse.

Nne, mwachie mtu wa nyumbani karatasi yenye jina la mahali utakapolala na namba ya simu. Kama hujui bado, mpigie ukishafika.

KUCHAGUA NYUMBA

Ukishuka stendi utakutana na vijana wengi. Watasema, "Mzee, njoo huku, kuna chumba kizuri." Wengine ni watu wema wanaotafuta riziki. Wengine sivyo. Usimpe mtu mzigo wako kwa sababu tu ana maneno matamu. Shika mzigo wako mwenyewe, kisha uulize katika duka au kwa wenye magari.

Ni vizuri kufika mchana. Mchana unaona nyumba, unaona jirani, unaweza kuacha nyumba moja na kwenda nyingine. Usiku mtu aliyechoka hukubali chochote.

Kigoma ni mji wa vilima na ziwa. Nyumba za wageni nyingi ziko Mwanga, karibu na soko. Nyingine ziko karibu na stesheni na bandari. Ziko pia nyumba za ufukoni ambazo hupendwa na watalii wanaokwenda kuwaona sokwe wa Gombe. Hizo huwa na bei kubwa zaidi. Chagua mahali palipo karibu na shughuli yako. Ukiwa na mgonjwa Maweni, chumba cha bei ndogo kilicho mbali kitakula fedha zako kwa nauli za bodaboda.

Nyumba ya wageni si lazima iwe na chakula. Na mahali pengi neno "hoteli" maana yake ni mahali pa kula tu. Kwa hiyo soma kibao vizuri, kisha uulize.

ONA CHUMBA KABLA YA KULIPA

Unayo haki ya kuona chumba kabla ya kutoa fedha. Sema kwa upole: "Naomba nikione chumba kwanza." Mwenye nyumba mwema hatakasirika.

Ukiingia chumbani, tazama mambo haya:

1. Mlango. Je, kitasa kinafunga? Kuna komeo kwa ndani?
2. Dirisha. Je, lina nondo na wavu?
3. Kitanda. Funua shuka. Tazama pembe za godoro na nyufa za kitanda. Madoa madogo meusi yanaweza kuwa ni ya kunguni.
4. Chandarua. Je, kipo? Kimetoboka?
5. Maji, choo na bafu. Je, ni safi?

Utasikia watu wakitaja "chumba cha selfu". Hicho ni chumba chenye choo na bafu lake ndani. Bei yake ni kubwa. Chumba cha kawaida hutumia choo na bafu vya nje pamoja na wageni wengine. Kama choo cha pamoja ni safi, chumba cha kawaida kinatosha.

ULIZA BEI, ULIZA NA CHAI

Hebu tusikilize mazungumzo haya. Mama mmoja kutoka kijiji cha Kibondo amefika na binti yake anayeumwa. Mhudumu wa mapokezi ni kijana.

MHUDUMU: Shikamoo, mama. Karibu.
MAMA: Marahaba, mwanangu. Nataka chumba cha watu wawili. Mimi na binti yangu.
MHUDUMU: Kipo. Shilingi elfu kumi na tano.
MAMA: Hiyo ni kwa chumba, au kwa kila mtu?
MHUDUMU: Kwa chumba, mama.
MAMA: Na chai ya asubuhi imo?
MHUDUMU: Imo. Chai, chapati na yai.
MAMA: Ya mtu mmoja, au ya watu wawili?
MHUDUMU: Ya mmoja. Wa pili analipia.
MAMA: Haya. Na kutoka chumbani ni saa ngapi?
MHUDUMU: Saa nne asubuhi.
MAMA: Ahsante, mwanangu. Sasa tukione chumba.

Mama huyu ameuliza maswali manne kwa maneno machache. Hakugombana na mtu. Asingeuliza, angedhani kwamba chai ni ya wote wawili. Asubuhi angedaiwa fedha ambazo hakuzipanga.

Nyumba nyingine zina chai ndani ya bei. Nyingine hazina. Kama haimo, usihofu. Karibu na soko wako mama lishe wenye chai, maandazi na supu. Mchana utapata ugali na mgebuka au dagaa wa ziwani.

Uliza pia masharti mengine. Nyumba nyingi haziruhusu wanaume wawili, au wanawake wawili, kulala chumba kimoja. Sharti hilo huandikwa ukutani. Kwa hiyo wewe na mwenzako mnaosafiri pamoja mnaweza kutakiwa kulipia vyumba viwili. Aliye na mgonjwa aeleze mapema kwamba anamwuguza.

HESABU USIKU, USIHESABU MCHANA

Ugomvi mwingi katika nyumba za wageni hutoka kwenye hesabu. Tujifunze hesabu hiyo.

Tuseme umefika Jumatatu jioni. Unaondoka Alhamisi asubuhi. Utalipa siku ngapi? Mtu mwingine atahesabu Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, akasema nne. Lakini hesabu usiku uliolala:

Usiku wa Jumatatu: 1
Usiku wa Jumanne: 2
Usiku wa Jumatano: 3

Umelala usiku tatu. Kama chumba ni shilingi 15,000, utalipa:

15,000 x 3 = 45,000

Lakini angalia saa ya kutoka. Kama sharti ni saa 4 asubuhi, na wewe Alhamisi umebaki na mizigo chumbani hadi saa 8 mchana, unaweza kudaiwa usiku wa nne. Hapo utakuwa umepoteza shilingi 15,000 kwa saa nne tu. Kama basi lako au garimoshi lako linaondoka jioni, toa mizigo chumbani mapema. Omba ihifadhiwe mapokezi.

KUANDIKA KATIKA KITABU CHA WAGENI

Ukikubali chumba, utaletewa kitabu kikubwa chenye mistari. Juu yake kuna maneno kama haya:

Tarehe ya kuingia
Jina kamili
Kazi
Unakotoka
Unakokwenda
Namba ya kitambulisho
Namba ya chumba
Tarehe ya kutoka
Sahihi

Usione haya kusoma polepole. Soma neno la kwanza, andika jibu lake. Kisha nenda kwenye neno la pili. Mhudumu atasubiri.

Pale penye "Unakotoka" andika kijiji na wilaya. Siku hizi angalia wilaya yako vizuri. Mwaka 2012 wilaya mpya zilianzishwa katika mkoa wetu. Buhigwe ilitoka Kasulu, na Kakonko ilitoka Kibondo. Mtu wa Kakonko aandike Kakonko.

Andika kweli. Kitabu hiki ni ulinzi wako. Moto ukitokea, kitabu kinaonyesha nani alikuwa ndani. Ukiugua ghafla, kitabu kinaonyesha watu wako wako wapi. Mali ikipotea, kitabu kinaonyesha kwamba ulikuwa mgeni halali wa nyumba ile.

Mwisho weka sahihi yako. Kama mhudumu amekuandikia yeye, soma alichoandika kabla ya kuweka sahihi. Tazama hasa tarehe na bei.

RISITI

Usitoe fedha bila kupata risiti. Tuseme umelipa usiku tatu. Risiti yako itafanana na hii:

NYUMBA YA WAGENI
Stakabadhi Na. 147
Chumba Na. 6
Kuingia: Jumatatu
Kutoka: Alhamisi
Usiku 3 x Sh. 15,000
Jumla: Sh. 45,000
Zimelipwa
Sahihi ya mpokeaji

Isome pale pale, mbele ya mhudumu. Je, namba ya chumba ni sawa? Je, siku ni sawa? Je, jumla ni sawa? Kama kuna kosa, sema wakati huo. Ukisubiri hadi Alhamisi, zamu itakuwa imebadilika. Mhudumu mwingine atasema hajui lolote. Risiti yako ndiyo itakayomjibu.

Ukilipa kwa simu, usifute ujumbe wa malipo. Na usimtajie mtu yeyote namba yako ya siri, hata akisema yeye ni mtu wa kampuni ya simu. Usitume fedha za chumba kwa mtu usiyemjua aliyekupigia tu.

FEDHA NA MIZIGO

Mtu aliyeuza maharage ana fedha nyingi mfukoni. Wezi wanajua hivyo. Usihesabu fedha barazani. Usiseme mbele ya watu, "Leo nimeuza magunia kumi." Fedha nyingi ziweke benki au katika simu kabla ya usiku. Zilizobaki zigawe mahali pawili.

Vitu vya thamani vikabidhi mapokezi, lakini vikabidhi kwa maandishi. Karatasi ndogo inatosha: "Nimepokea begi moja jeusi na magunia mawili ya maharage kutoka kwa mgeni wa chumba Na. 6." Tarehe. Sahihi. Karatasi hiyo ibaki na wewe. Maana ukutani mara nyingi pameandikwa kwamba nyumba haitawajibika kwa mali isiyokabidhiwa.

Jambo hili si jipya. Karibu na mji wa Kigoma kuna Ujiji, mji wa zamani wa misafara. Mwaka 1871 Mskoti David Livingstone alirudi Ujiji kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa. Alikuwa mgonjwa na amechoka. Alitumaini kukuta bidhaa alizotumiwa kutoka pwani. Akakuta mtu aliyekabidhiwa bidhaa hizo amekwisha kuziuza. Livingstone alibaki karibu hana kitu, mpaka alipofika Henry Stanley na msafara wake. Leo pale Ujiji kuna makumbusho, na watu huenda kuona mahali walipokutana. Watu hukumbuka salamu zao. Wewe ukumbuke pia zile bidhaa. Mali iliyo mikononi mwa mwingine inataka ushahidi.

Jambo jingine. Usimkaribishe chumbani mtu usiyemjua, mwanamume au mwanamke. Usikubali kinywaji kilichofunguliwa. Wako waliolala usingizi mzito wakaamka hawana fedha wala simu. Na wako waliorudi nyumbani na ugonjwa, wakawaambukiza wenzi wao. UKIMWI hauchagui mwenye safari ya siku mbili.

AFYA YA MSAFIRI

Vijiji vingi vya Kasulu na Kibondo viko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Usiku kuna baridi. Ziwa Tanganyika liko chini zaidi, kwenye mita 770 hivi. Kigoma kuna joto. Mgeni hupenda kufungua dirisha na kutupa chandarua pembeni. Hilo ni kosa.

Malaria. Mbu wa malaria huuma usiku. Lala ndani ya chandarua, na pindo lake lichomeke chini ya godoro. Kama kimetoboka, omba kingine. Kumbuka pia kwamba homa ya malaria haianzi siku ile ile ya kuumwa na mbu. Huanza baada ya siku 7 hadi 14, au zaidi. Kwa hiyo unaweza kurudi kijijini mzima, kisha ukaugua. Ukipata homa nenda zahanati upimwe, na umwambie mganga kwamba ulisafiri.

Maji ya kunywa. Kunywa maji yaliyochemshwa au ya chupa iliyofungwa. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula chai. Mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Kagunga, kijiji cha ufukoni kaskazini mwa Kigoma, wakati maelfu ya wakimbizi wa Burundi walipokusanyika pale. Watu wengi, maji machafu na vyoo vichache huleta ugonjwa huo upesi.

Jiko la mkaa. Nyumba zinakataza kupika chumbani. Wengine huingiza jiko kwa siri, wapate kupasha uji wa mgonjwa. Wengine huliacha linawaka, wakafunga mlango na dirisha. Mkaa unaowaka hutoa hewa yenye sumu. Hewa hiyo haina harufu wala rangi. Aliyelala hajui kitu, na anaweza asiamke tena. Usiingize jiko chumbani, hata kwa muda mfupi. Uji wa mgonjwa omba upashwe jikoni, au kwa mama lishe. Usiweke mshumaa karibu na chandarua. Na kabla ya kulala tazama mlango wa kutokea uko wapi.

ZIWA NI ZURI, LAKINI LIHESHIMU

Mtu wa milimani akiliona Ziwa Tanganyika mara ya kwanza, husimama. Upande wa pili anaona milima ya Kongo kama wingu. Jioni taa za wavuvi wa dagaa huwaka juu ya maji kama kijiji kingine. Pumzika ufukoni. Kuona nchi yako ni sehemu ya elimu.

Lakini ziwa hili ni refu na lina kina. Urefu wake ni karibu kilomita 670. Kina chake kikubwa ni karibu mita 1,470. Duniani ni ziwa moja tu linalolishinda kwa kina, nalo ni Baikal la Urusi. Sehemu nyingi ufuko unashuka ghafla. Hatua mbili maji yako kiunoni, hatua ya tatu huna pa kukanyaga. Kama hujui kuogelea, usiingie.

Sehemu nyingine za ufuko zina kichocho. Ugonjwa huu huletwa na vijidudu vinavyotoka katika konokono wa majini. Huingia mwilini kupitia ngozi unapooga au kukanyaga maji. Oga bafuni, usioge ziwani. Kama uliingia ziwani, na baadaye ukaona damu katika choo, nenda ukapimwe. Dawa yake ipo.

Na kama safari yako inaendelea kwa boti kutoka Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini, vaa jaketi la kuokolea. Usipande boti lililojaa kupita kiasi, hata kama umekwisha kulipa nauli. Pepo za ziwa huinuka ghafla.

UKIONEWA UFANYE NINI?

Tuseme asubuhi ya kuondoka unaambiwa unadaiwa usiku mmoja zaidi. Usipige kelele. Toa risiti. Sema: "Nililipa usiku tatu. Soma hapa." Mara nyingi jambo huishia hapo.

Lisipoisha, omba kuonana na mwenye nyumba. Akikataa kusikia, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au kituo cha polisi, ukiwa na risiti yako. Kukiwa na hatari ya kweli, piga simu 112 kwa polisi. Moto ukitokea, piga 114 kwa zimamoto.

Na wewe usimwonee mwenye nyumba. Usiondoke na taulo. Usivunje kitu ukanyamaza. Rudisha ufunguo. Acha choo kikiwa safi kama ungependa kukikuta. Mgeni mwema akirudi tena hupokewa kwa furaha.

KUMBUKA HAYA

1. Safiri na kitambulisho, kalamu na daftari.
2. Ona chumba kabla ya kulipa.
3. Uliza bei, chai, na saa ya kutoka.
4. Hesabu usiku uliolala.
5. Soma kabla ya kuweka sahihi.
6. Dai risiti, uitunze mpaka ufike nyumbani.
7. Kabidhi mali kwa maandishi.
8. Lala ndani ya chandarua. Usiingize jiko la mkaa chumbani.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Nani katika darasa letu amewahi kulala nyumba ya wageni? Alilipa nini ambacho hakukitazamia? Angeuliza swali gani mapema?

2. Mgeni amefika Ijumaa jioni. Ameondoka Jumatatu saa 3 asubuhi. Chumba ni shilingi 12,000. Atalipa shilingi ngapi? Je, kama angeondoka saa 9 mchana?

3. Manamba alitia dole gumba kwenye mkataba. Wewe unaweka sahihi katika kitabu cha wageni. Ni ipi tofauti kati ya mambo haya mawili?

4. Kwa nini mtu aliyelala Kigoma anaweza kuugua malaria akiwa amekwisha kurudi Kibondo?

ZOEZI LA KUANDIKA

Chora kitabu cha wageni katika daftari lako, chenye maneno yote uliyoyasoma katika somo hili. Mwenzako awe mhudumu, na wewe uwe mgeni. Andika majibu yako bila kusaidiwa, kisha uweke sahihi. Halafu mhudumu akuandikie risiti. Isome kwa sauti mbele ya darasa, na wenzako watafute kama ina kosa.